Nyuzi Mia na Sitini

Jumatatu, Szeged, chumba cha chini ya ardhi.
Bomba la maji moto linaguna ukutani,
nami, kipimapembe mkononi,
nawasubiri mapacha wa Vadkerti.

Zsombor anaingia kwanza, nywele bado mbichi,
ananuka klorini hata ndani ya koti:
mfungaji wa polo ya majini, mkono wa kulia.
Nyuma yake Bendegúz, anafuta miwani,
fundi wa piano, ambaye hajarusha maishani
kitu kizito kuliko funguo, kwa mkewe, dirishani.

Laleni chali, nasema. Mmoja mmoja.

Nyonga imekaa ndani ya bakuli lake
kama mwenye nyumba.
Bega ni mpangaji:
tufe kubwa limeegeshwa kwenye kisahani,
likishikiliwa na misuli minne, fuko la kano,
na bapa la mfupa linaloteleza mgongoni,
nalo lenyewe halina pa kuegemea
ila nyama.
Aliyelichora alipewa achague
kati ya kutulia na kufika mbali.
Akachagua kufika mbali.

Naukunja mkono wa Zsombor kwenye kiwiko,
naugeuza nyuma. Unakwenda.
Unapita pale mabega ya watu husema basi,
unakwenda tena:
mia na kumi na nane.
Naugeuza mbele,
unagota mapema, kama droo iliyoshindiliwa nguo.
Arobaini na mbili.

Bendegúz: nyuma, tisini na tano.
Mbele, sitini na tano.

Najumlisha kwa kalamu, kisha kwa vidole,
maana siiamini kalamu.
Mia na sitini.
Mia na sitini.

Hakuna aliyeongezewa hata uzi mmoja.
Shamba ni lile lile;
kigingi cha mpaka ndicho kilichosogezwa.

Na aliyekisogeza?
Mama yao alinieleza kwa simu, huku akikaanga kitu:
walikuwa na miaka minane, wote wawili wameandikishwa bwawani,
Bendegúz akaumwa masikio,
daktari akamkataza maji hadi Pasaka.
Ilipofika Pasaka, Zsombor
alikuwa amekwisha kuupenda mpira.

Samaki mkunje angali mbichi.
Mfupa nao, ncha yake ikiwa bado gegedu,
ulijisokota ndani ya mkono wa mtoto,
mtupo kwa mtupo, mwaka kwa mwaka,
bila kuuma, bila kumwambia mtu.
Na yule aliyebaki sebuleni na pamba masikioni,
siku pamba ilipotolewa
alisikia piano ya shangazi yake
na kuuliza kwa nini ile sauti ya tatu inalia chini.

Jedwali langu lina safu mbili.
Kocha amepiga simu mara tatu akitaka ya tatu,
ya nani bora.
Sina.

Jaribio la mwisho halimo kwenye fomu, nalifanya kwa udadisi tu:
jikuneni mgongo, mkono wa kulia, kutoka chini.
Dole gumba la Bendegúz linapanda uti wa mgongo
pingili kwa pingili, kama mtu anayezijua ngazi zake gizani,
hadi katikati ya mabega.
Zsombor, anayeinuka majini hadi kiunoni
na kuupeleka mpira kwenye pembe ya juu ya goli
kabla kipa hajafumba mdomo,
amekwama kidogo juu ya mkanda.
Anajinyonganyonga. Anacheka.
“Na hapo,” anasema, “ndipo panaponiwasha tangu asubuhi.”

Bendegúz anaweka miwani mezani.
Anasogea bila neno,
na kwa vidole vilivyozoea kukaza nyuzi
anamkuna pacha wake.
“Juu kidogo.”
“Hapa?”
“Juu. Kushoto. Hapo.”

Naangalia saa niandike muda wa kumaliza,
kisha naiacha nafasi wazi.